Azzam Atangulie

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, Bi Fakhria alipanda bajaji kutoka Ipuli hadi Ng'ambo kwenda kusalimiwa na mwanawe aliyekufa.

Ukisikia hivyo utadhani ni mambo ya waganga, na majirani waliosema hivyo walikuwepo, maana watu wa Ng'ambo hawajawahi kukosa la kusema. Lakini hapakuwa na ubani wala kombe. Palikuwa na fundi mmoja wa simu na kompyuta, Sabiri, mwenye kibanda cha mlango mmoja kati ya fundi cherehani na muuza asali, na palikuwa na gemu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya Wazungu, ya mapanga na majoka na wachawi wenye ndevu hadi tumboni. Unamwongoza msafiri wako kutoka nchi hadi nchi, akipigana na watu asiowajua na kununua vitu asivyovihitaji. Sabiri na rafiki yake Azzam waliicheza miaka sita. Ila raha yao kubwa haikuwa kuicheza, ilikuwa kuifumua. Kuna vipande ambavyo watu duniani kote hutengeneza na kuvipachika kwenye gemu za namna hii, wenyewe wanaviita modi. Huyu atabadilisha mvua, yule ataongeza farasi, mwingine atamvua mfalme taji amvalishe sufuria. Azzam alikuwa mgonjwa wa modi. Siku moja alisema amechoka na milima ya theluji, akajifungia miezi minne, akageuza kituo kimoja cha njiani ndani ya gemu kuwa kituo cha misafara, cha ile njia ya zamani ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Akakipa ukuta wa udongo, kisima, mizigo iliyopangwa kivulini, na lango. Babu wa babu yake aliingia Tabora kwa njia hiyo na Omani hakurudi tena, kwa hiyo kwao hii haikuwa historia. Ilikuwa habari za ukoo.

Mlinda lango akampa sauti yake mwenyewe. Alirekodi sentensi thelathini na moja kwa simu, akiwa amejifunika blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie. "Umetoka pwani au Ujiji?" "Mizigo kushoto, maneno kulia." "Maji yapo, ila ya kuoga ni kesho." Na moja ilikuwa ya utani, ambayo mlinda lango aliisema msafiri akiwa mwanamke: "Shikamoo mama. Leo umetuletea nini?" Ukiendelea kusimama pale karibu naye, baada ya muda alikusalimu tena, utadhani hakukuona mara ya kwanza.

Azzam alikufa kwa figo akiwa na miaka thelathini na minne. Siku wanarudi naye kutoka hospitali Mwanza, simu yake iliibwa stendi, na sauti zote zilizokuwamo zikaenda nayo. Bi Fakhria mwenyewe alikuwa na kitochi, simu isiyohifadhi cha mtu. Na kompyuta ya Azzam ilitolewa sadaka baada ya arobaini, pamoja na nguo na viatu, kama ilivyo desturi. Ilikwenda madrasa moja huko Bukene, na aliyeifuta na kuipiga Windows mpya ili ifike ikiwa safi ni Sabiri huyu huyu. Wakati ule hakuona ubaya. Modi ya Azzam alikuwa nayo kwenye kompyuta ya kibandani, na nakala yake kwenye diski ya nje. Aliona hiyo inatosha.

Bi Fakhria aliyajua haya kwa bahati tu. Alipita kubadilisha betri ya kitochi chake, Sabiri akashindwa kujizuia, akamwambia, "Mama, kaa hapa kidogo." Akamwongoza msafiri mwanamke hadi langoni. Sauti ilipotoka, Bi Fakhria aliziba mdomo kwa mkono na hakuutoa mpaka bajaji ilipokuja kumchukua. Ijumaa iliyofuata akarudi, na mkate wa kumimina umefungwa kwenye kitambaa.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea kwa miaka miwili. Mlinda lango alisalimia, na Bi Fakhria akamjibu, "Marahaba baba, nimeleta mkate," akauweka mezani mbele ya kioo. Akishaondoka, Sabiri aliula. Mwanzoni alikula kwa aibu, baadaye alikula tu. Wateja wa nusu saa ile walijua kusubiri nje.

"Wewe na Azzam nyote wanangu," alizoea kusema Bi Fakhria, "ila wewe ndiye msikivu. Yule alikuwa mbishi tangu tumboni. Alizaliwa miguu imetangulia, mkunga akasema huyu anakuja kugombana na mtu."

Sabiri aliyapenda maneno hayo kuliko alivyoweza kukiri. Mama yake mwenyewe alimpoteza akiwa darasa la pili.

Sasa macho ya Bi Fakhria yakaanza kufungwa. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba presha ya macho ikishachukua hairudishi, na kilichobaki hakifiki mwaka. Yeye akaja Ijumaa ile, akasikia salamu yake, akajibu, kisha akasogeza uso hadi karibu na kioo.

"Sabiri, mimi naona chuma tu hapa. Mwanangu amevaa chuma kama jiko la mkaa."

"Ndivyo askari wa gemu wanavyovaa, mama."

"Azzam hakuwa askari. Huwezi kumvalisha kanzu? Nimwone mara moja amevaa kanzu, na sauti yake hiyo hiyo, kabla hapajawa giza. Baada ya hapo sikusumbui."

Ombi dogo kuliko hilo hajawahi kuombwa mtu. Sabiri alisema ataliweza, na aliamini hivyo.

Kwa majuma mawili alichagua modi ya mavazi kwa uangalifu ambao hata mkewe hakuchaguliwa nao. Azzam ndiye aliyemfundisha kwamba modi nzuri haitafutwi kwa picha. Picha zote ni nzuri. Unashuka chini kwa waliokwisha kuitumia, unasoma malalamiko yao. Unaangalia imetengenezwa kwa toleo lipi la gemu, na kama mwenyewe bado yupo anajibu watu au ameshaitelekeza. Ya kwanza aliyoipata ilikuwa na majoho ya kupendeza, ila watu wanne walilia kwamba iliwaharibia safari walizozihifadhi. Ya pili ilidai kwanza uweke modi nyingine saba, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeshaondolewa mtandaoni. Ya tatu ilikuwa ya zamani, tulivu, na hakuna aliyeilalamikia: kanzu, kofia, vilemba na majoho ya kutia juu. Sabiri akanunua bando, akaipakua, akaipitisha kwenye kinga ya virusi, akafungua maelezo ya mtengenezaji na kuyasoma hadi mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ndio uliosema kwamba walinda malango wote wamewekewa pia sauti mpya, ili wafanane na mavazi.

Sabiri alicheka peke yake. Mtego kama huo Azzam aliwahi kumwonyesha mara mia. Modi mbili zikigombea kitu kimoja, iliyoingia nyuma ndiyo inayoifunika iliyotangulia. Basi dawa ni ndogo. Unamtoa Azzam pembeni, unaingiza mavazi pamoja na sauti zake za kigeni, kisha unarudisha sauti za Azzam juu yake. Kanzu itabaki, na sauti itakuwa ya mwenyewe.

Palikuwa na jambo jingine alilofundishwa, kwamba usiguse kitu mpaka uwe na nakala, na nakala yenyewe uifungue uone kilichomo. Alhamisi asubuhi alichomeka diski ya nje. Folda ya AZZAM ilikuwapo, jina lake kwa herufi kubwa. Hakuifungua. Kuifungua ilikuwa ni kusikia sauti ya rafiki yake asubuhi ya Alhamisi, akiwa peke yake, bila Bi Fakhria wa kuijibu, na hilo lilimwuma kifuani. Akaona jina, akaridhika, akachomoa.

Alikusudia kufunga kibanda saa nane mchana afanye kazi kwa utulivu. Saa nane kasorobo umeme ukakatika. Ulirudi Ijumaa saa nne asubuhi, ukakuta foleni ya wenye simu zilizozimika, na Sabiri alipowamaliza, sala ikawa imefika. Alirudi kutoka msikitini mbio. Ndiyo kwanza amewasha kompyuta, bajaji ikasimama nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimewahi?"

Alikuwa amevaa baibui jipya na kujitia udi. Siku ya kumwona mtu, alisema, huwezi kwenda na nguo ya jikoni. Sabiri alikuwa na maneno ya "mama, rudi kesho" mdomoni kabisa. Akalitazama lile baibui, akayameza, akavuta kiti.

Akafanya kazi mama akiwa pembeni yake, akimweleza kila hatua kama anayemsomea barua. Herufi za kompyuta alikuwa amezikuza siku nyingi kwa ajili ya macho ya Bi Fakhria. Akaikamata folda ya AZZAM ndani ya gemu, akaihamisha nje. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa hadi shingoni na haikuwa na nafasi ya vitu viwili viwili, kwa hiyo aliihamisha yenyewe, hakuinakili. Folda ikatua kwenye uso wa kompyuta, katikati ya picha za pasipoti za watu na tangazo la vocha.

Bi Fakhria alisogeza uso.

"Huyu mbona yuko nje?"

"Atarudi mama. Naingiza nguo kwanza, halafu yeye ataingia mwisho."

"Mwisho?" Akalitazama jina la mwanawe pale lilipo. "Wageni wanaingia ndani, mwenye nyumba amesimama nje na takataka za watu?"

"Si hivyo mama, ni utaratibu tu wa..."

"Sabiri. Mwanangu nilimtoa nje mara moja, kwenye jeneza. Mrudishe ndani. Azzam atangulie, wageni wamkute."

Hapa ndipo unapotamani kumshika Sabiri mabega umtikise. Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa mafupi: mama, akitangulia atafunikwa, sauti yake itapotea. Nusu dakika ingetosha. Lakini Sabiri alilelewa na bibi, katika nyumba ambayo mtu mzima akishasema mara ya pili mtoto anasema ndiyo, na miaka thelathini na sita haikuwa imemtoa katika nyumba hiyo. Alisikia udi, akaliona baibui jipya.

"Sawa mama," akasema.

Na si kwamba hakuwa na hesabu zake. Alijiambia amwache mama afurahi, amwonyeshe kanzu, na akishaondoka atachukua nakala kwenye diski ya nje, amweke Azzam juu. Kuna ubaya gani? Akairudisha folda ndani. Nje hakikubaki kitu. Kisha akaingiza modi ya mavazi, na kompyuta ikauliza, kama inavyouliza siku zote, kwamba kuna mafaili yenye majina yale yale, yafutwe ya zamani yawekwe mapya au yarukwe. Yalikuwa mamia. Yakirukwa yote, kanzu nayo isingevaliwa, maana hata kile chuma cha mlinda lango Azzam alikuwa amekigusa. Kuyachagua moja moja, na mama wa watu amekaa pale akimtazama, ingekuwa kazi ya saa nzima. Sabiri akabonyeza yafutwe. Haikuchukua hata dakika.

Gemu ikafunguka. Jua la kituo, ukuta wa udongo, kisima. Na langoni amesimama mtu wa kanzu nyeupe na kofia, joho lenye ukingo wa dhahabu begani.

"Mashallah," alisema Bi Fakhria. "Mashallah, Azzam." Pua yake ilikuwa karibu kugusa kioo. Akanyoosha kidole, akaanza kulirekebisha lile joho begani. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Sabiri alifurahi, alifurahi kweli, kwa dakika ile hapakuwa na fundi mwenye furaha kama yeye Tabora nzima.

"Msogelee, anisalimie."

"Leo tumtazame tu, mama."

"Nifike mpaka langoni nisisalimiwe?"

Sabiri akamsogeza msafiri, taratibu. Mlinda lango akageuza uso wake mzuri, akafungua mdomo, na kwa Kiingereza, kwa sauti ya kizee mmoja wa mbali, akawataka waeleze shida yao na waweke mikono mbali na silaha.

Bi Fakhria hakujua Kiingereza, wala hakukihitaji.

"Nani huyo?"

"Ni mtambo, mama. Sauti haijakaa vizuri. Ijumaa ijayo itakuwa tayari."

"Lakini yupo?"

"Yupo."

Aliacha mkate mezani akaondoka, akigeuka mara mbili kutazama kioo. Bajaji ilipokata kona, Sabiri akachomeka diski ya nje na safari hii akaibofya folda ya AZZAM. Haikufunguka. Ilikuwa shotikati, jina tupu lenye kishale kidogo pembeni, uzito wake kilobaiti moja.

Ugonjwa huo Sabiri aliutibia watu kila wiki. Kirusi cha flashi huficha folda halisi na kuweka jina lake la uongo. Unaifichua, unamrudishia mtu vitu vyake, unapokea elfu tano zako. Akafichua vyote vilivyofichwa. Hapakuwa na kitu. Ndipo akakumbuka mwezi wa nne, mteja mmoja alikuwa amesimama pale akitaka picha za harusi zihamishwe haraka, nafasi haitoshi, na yeye Sabiri akafuta kwenye diski hiyo hiyo folda fulani zilizofichwa, akidhani ni masalia ya kirusi. Aliketi sakafuni. Muuza asali alipoingia kuomba chenji alimkuta bado yuko pale pale, akaondoka bila kuuliza.

Alizipitisha diski zote mbili kwenye programu ya kufufua mafaili, siku mbili mfululizo. Kwenye ile ya nje, picha za harusi zilikuwa zimekalia kila mahali. Kwenye ile ya kibandani akapata sauti thelathini na moja, zote za yule kizee.

Jumatatu akafunga kibanda akaenda Bukene. Maalimu Nurdini wa madrasa alimpokea vizuri, akamletea chai na mihogo, akaitoa ile kompyuta kabatini, imefunikwa kitambaa cha kudariziwa, haina hata vumbi. Imetunzwa kuliko kompyuta yoyote aliyowahi kuitengeneza Sabiri. Kwa saa nne programu ilichimba. Ikaleta mahudhurio ya wanafunzi, masomo ya tajwidi, michango ya bati. Chini kabisa, kutoka miaka ya Azzam, ikaleta faili moja liitwalo lango17, uzito wake sifuri.

"Umepata?" Maalimu aliuliza.

"Jina tu, maalimu."

"Alhamdulillahi, hata jina." Maalimu hakujua alilokuwa anasema, na Sabiri hakumweleza.

Nyumbani, mkewe Mwamvita alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba yeye ndiye aliyesema atangulie?"

"Usiseme hivyo. Sema zimefutika."

"Ataniuliza zimefutikaje."

"Basi mwambie zilivyofutika. Yule ni mtu mzima, Sabiri, si yai."

Alijua Mwamvita anasema kweli. Alichokifanya Jumatano mchana ni kitu kingine. Zamani, yeye na Azzam walizoea kuigana sauti, wakipigia wateja simu kuwataka waje kuchukua mali zao, na watu hawakuwahi kuwatambua. Akafunga mlango wa kibanda, akajifunika blanketi katika joto lile, akarekodi sentensi moja tu. Alirudia mara arobaini. Kila aliposikiliza alimsikia Sabiri. Ya arobaini alipoisikiliza akashtuka, akakaribia kumwita Azzam. Akaipachika kwenye gemu, ikiwa ya mwisho. Nakala zake akaziweka sehemu nne, na zote nne akazifungua kuhakikisha.

Ijumaa Bi Fakhria alikuja na baibui lake la siku zote. Wiki ile moja ilikuwa imemchukua sana macho, kwenye kizingiti alipapasa fremu ya mlango. Sabiri akampa shikamoo, akamkalisha, na yeye akapakata mkate wake.

Kituo kikatokea, na mlinda lango na kanzu yake.

"Joho naliona," alisema. "Uso sasa ni ukungu. Si kitu. Msogelee."

Sabiri akasogea. Mlinda lango akageuka.

"Shikamoo mama. Leo umetuletea nini?"

Kwa fundi cherehani mashine ilisimama, ikaendelea. Bi Fakhria alikuwa hajatikisika.

"Marahaba, Sabiri," akasema.

Hakugeuka kumtazama. Alibaki amekielekea kioo.

"Mama..."

"Azzam neno 'mama' alikuwa analikata. Ana haraka ya kwenda kubishana mahali. Wewe unalivuta. Unaniheshimu mno." Akapangusa kitambaa cha mkate, ambacho hakikuwa na vumbi. "Zimefutika?"

"Zimefutika."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Kwa sababu nilisema atangulie?"

"Hapana mama, ni huu mtambo, una..."

"Usinidanganye mara mbili kwa kikao kimoja."

Sabiri alitazama vidole vyake. "Anayeingia nyuma ndiye anayesikika," alisema. "Azzam alitakiwa aingie mwisho."

"Siku ile ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Kabla sijasema?"

"Tangu Azzam yu hai. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Ukaniambia sawa mama."

"Ndiyo."

Sabiri alingoja atukanwe, na angepokea tusi lolote kwa mikono miwili. Alitaka kusema samahani, neno likaonekana dogo mno, akaliacha. Kisha Bi Fakhria akaanza kuukaza upya ule mkate kwenye kitambaa chake, fundo juu ya fundo.

"Azzam angenibishia," alisema. "Angenipigia kelele hapa hapa mpaka huyo fundi cherehani achungulie. Angesema mama huelewi kitu, kaa pembeni. Na mimi ningenuna mpaka magharibi." Akasimama. "Lakini sauti yake ingekuwepo."

Sabiri alinyoosha mkono amsaidie kuvuka kizingiti, na yeye akaitafuta fremu ya mlango mwenyewe, akaipata, akatoka na mkate wake. Nje alimwita mwenye bajaji. Kibandani, kwa kuwa msafiri alikuwa bado amesimama karibu na lango, mlinda lango alisalimia tena.